Cheo cha Askerdale Chakosa wa Kukipokea

Siku ya tatu baada ya kufa, Lodi Ambrose Wetherell, baroni wa kumi na mbili wa Askerdale, aliteremka ngazi saa mbili asubuhi kama kawaida, akadai yai lake. Binti yake Hester alikuwa ameshalichemsha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akimchemshia yai, akimwogesha, na kupanda darini na ndoo kukinga maji kila mvua iliponyesha.

"Limeiva mno," marehemu alisema.

"Umechelewa kushuka, Baba."

Kumzika kulishindikana. Kila walipomlaza jenezani, cheo kilimwinua. Kilitaka kwanza mwanamume wa ukoo wa kukipokea. Kasisi aliahirisha mazishi mara mbili, akilalamikia tu maua yaliyokuwa yakinyauka.

Wakili Crowther alifika na bahasha yake. Alimpa marehemu mkono, akapekua vizazi saba. Binamu wa mwisho alifia Kanada, bila mtoto.

"Mimi nipo," Hester alisema. Alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwahi kulitamka hilo. "Nipe mimi, Baba. Hata kwa siku moja."

"Si umpe tu, mzee!" mpishi Dilys aliropoka kutoka jikoni. "Nani kakuvua soksi miaka yote hiyo? Hao wa Kanada?"

Marehemu alimtazama binti yake kwa upole. "Hati ya cheo inasema watoto wa kiume, mwanangu. Aliiandika mfalme, si mimi."

"Mfalme mwenyewe kafa zamani."

"Hata mimi nimekufa, Hester. Hati haijafa."

Wakili aliandika kwamba cheo kimekoma, akapiga muhuri. Hapo cheo kikatoka kwenye kola ya marehemu, kikiwa kama nondo mkubwa wa kijivu, kikapiga mabawa kuizunguka meza. Kilitua begani kwa wakili, kikaghairi. Kikatua juu ya mbwa, ambaye alikuwa dume, kikafikiri kidogo. Kilipita juu ya kichwa cha Hester bila kupunguza mwendo, kikagonga kioo cha dirisha. Hester akakifungulia.

"Basi," marehemu alisema, akijipangusa makombo. "Tumekwisha. Hakuna aliyebaki."

Hester alimfunga vifungo vya koti, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi, akamshika mkono hadi kanisani. Safari hii marehemu alilala jenezani, hakuinuka.

Alasiri mvua ilianza. Hester akachukua ndoo, akapanda darini.