Lebo Iliyowahi Mno

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, Restuta alikuwa anapiga pasi blauzi yake ya kazini, nyumbani kwake Kisasa, simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa Naima, afisa mifugo wa kata moja ya mbali huko wilayani Chemba.

"Dada Restuta, kishikwambi kimejisasisha. Kinaandika toleo mbili nukta nne nukta moja. Ndilo lenyewe?"

"Ndilo lenyewe."

"Nauliza kwa sababu ng'ombe wameanza kufika joshoni, na wazee wamenichoka. Kila siku nawaambia subirini."

"Endelea tu, mdogo wangu. Liamini."

Naima alishukuru, akakata. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao; kule bondeni kwenye josho simu hazishiki.

Programu waliyokuwa wakiizungumzia, iliyotengenezwa ofisini kwa Restuta, ilifanya kazi moja. Afisa akiingiza kina cha maji ya josho kabla na baada ya kulijaza, inamwambia amimine lita ngapi za dawa ya kupe. Jumatatu ya wiki ile Uwesu, mwenzake Restuta ofisini, aligundua kosa: josho likiwa limepungua sana, programu ilihesabu maji yote kama mapya, ikasahau kwamba yale yaliyobaki yana dawa tayari. Siku ileile Restuta aliwatumia maafisa wote arobaini na mmoja ujumbe: msichanganye dawa mpaka muone toleo 2.4.1. Uwesu akaandika rekebisho, Restuta akalikagua na kulipitisha, na Jumatano jioni toleo likatoka.

Namba hiyo haikuandikwa na mtu. Zamani Ernest, mkongwe wa ofisi, ndiye aliyeiandika kwa mkono mahali patatu ndani ya programu, na mara mbili alisahau mahali pamoja kati ya hapo, vishikwambi vikabishana na seva. Restuta ndiye aliyeshikilia utaratibu ubadilishwe. Sasa mtu aliweka lebo moja tu kwenye historia ya msimbo, yaani orodha ya kila badiliko la maandishi ya programu, pale toleo linapoishia, na mashine ya kufungasha matoleo ikaisoma na kuibandika namba yenyewe kila inapohitajika.

"Namba isiguswe na mkono wa mtu," alisema kwenye kikao kilichoupitisha utaratibu huo.

"Na hiyo lebo ataiweka nani?" Ernest aliuliza. "Malaika?"

Watu walicheka, na Restuta naye alicheka.

Saa mbili na nusu alikuwa mezani kwake na kikombe cha chai ya rangi, akifungua historia ya msimbo ili aandike orodha ya mabadiliko ya kuwapelekea wateja. Mistari ilikuwa imepangana, mpya juu, ya zamani chini. Mstari wa juu kabisa ulikuwa rekebisho la Uwesu. Lebo ya 2.4.1 haikuwa hapo. Ilikuwa mstari wa pili.

Aliangalia tena, akaukuza mwandiko. Ilikuwa mstari wa pili, kwenye msimbo wa kabla ya rekebisho.

Ndipo alipokumbuka. Rekebisho alilipitisha kwenye seva, lakini lebo aliiweka akiwa kwenye kompyuta yake, kabla hajavuta mabadiliko mapya kutoka huko. Mashine haikukosea kitu. Iliikuta lebo, ikafungasha kilichokuwa chini yake, yaani msimbo uleule wenye kosa, ikaupa namba ya uliotibiwa. Na vishikwambi arobaini na kimoja vilikuwa vinawaambia wenyewe kwamba mambo ni salama.

Alimpigia Naima. *Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.* Akapiga tena. Haipatikani.

"Ernest," aliita, na sauti yake ikamshtua hata yeye. "Njoo uone."

Ernest alisoma skrini akiwa amesimama. Hakusema neno la malaika. "Ihamishe lebo," alisema.

"Haitasaidia. Wameshapokea 2.4.1. Vishikwambi vitaona namba ni ileile, havitapakua kitu."

"Basi 2.4.2. Nitaitoa mimi, na safari hii Uwesu aihakiki kabla haijaondoka. Wewe tafuta watu."

Restuta alituma ujumbe kwa wote: *MSICHANGANYE DAWA. 2.4.1 ina kosa. Nijibuni mmoja mmoja.* Majibu yalianza kuingia. Wa Bahi alikuwa bado hajaanza. Wa Makutupora alikuwa kwenye zabibu zake, josho ni kesho. Mmoja wa Kondoa aliandika tu, "Jamani!" Kila jibu lilipoingia alikata jina kwenye orodha. Ilipofika saa tatu kasoro dakika kumi majina yote yalikuwa yamekatwa isipokuwa moja.

Alipigia simu ofisi ya mifugo ya wilaya ya Chemba. Aliyepokea aliitwa Bashiri.

"Una pikipiki?" Restuta aliuliza kabla hata ya kusalimu.

"Ninayo. Wewe nani?"

Alijieleza. Maneno yalikuwa yanakanyagana. Bashiri alimkatiza: "Subiri. Unaniambia Naima anamimina dawa iliyozidi, na ni ninyi mliomwambia?"

"Ni mimi niliyemwambia."

"Mpaka kule ni dakika hamsini kama korongo halina maji," Bashiri alisema, na Restuta akasikia funguo.

Kungoja kulianza. Chai ilipoa. Alijaribu kusoma kazi nyingine, herufi zikawa hazishikiki. Alipiga hesabu kichwani: josho la Naima linachukua lita elfu kumi na mbili, na kama lilikuwa nusu, dawa iliyotakiwa ni lita sita. Programu ingemwambia kumi na mbili. Ng'ombe mzima huenda akastahimili. Lakini huu ulikuwa mwezi wa kumi, ng'ombe wanakuja joshoni na kiu, na ndama mwenye kiu hunywa anachoogelea.

Saa tatu na nusu Mama Generosa, mkurugenzi wao, aliingia na mkoba begani, akaona sura za watu. "Kuna nini?"

Uwesu aliinama. Restuta alikuwa na sentensi tayari mdomoni, *mfumo umepata hitilafu*, sentensi nzuri isiyo na mwenyewe. Aliimeza.

"Shikamoo, mama. Niliweka lebo mahali pasipo. Tumetuma programu yenye kosa kwa namba ya iliyorekebishwa. Arobaini tumewapata. Mmoja hatujampata, na yuko joshoni sasa hivi."

Mama Generosa aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Nao wakakaa hivyo, watu wanne wakiangalia simu moja.

Iliita saa nne na robo. Nyuma ya sauti ya Bashiri kulikuwa na mlio wa ng'ombe na watu wakipigiana kelele.

"Nimefika. Wameshaingia kumi na tisa. Tumezuia wengine. Ndama wanatokwa na mate, wanayumba. Tunawamwagia maji ya kisima. Naima kaniambia nipande kilimani nikwambie."

"Wangapi wanayumba?"

"Ndama watano. Acha nirudi."

Jioni ujumbe wa Naima ulikuja, maneno mawili: *Wawili wamekufa.*

Kesho yake Restuta alikwenda. Mama Generosa alimpa gari la ofisi na dereva, akamwambia aseme kwamba ndama watalipwa na ofisi, asiongeze ahadi nyingine. Walipouacha mji wa Chemba na kushika njia ya vumbi alitamani gari liharibike.

Naima alikuwa amesimama kwenye ukuta wa josho, kilemba kichwani, viatu vya mvua miguuni. Hakumkumbatia.

"Nilipoona lita kumi na mbili nilisita," alisema. "Nilishika dumu la mwisho nikalirudisha chini. Moyo uliniambia nipunguze. Halafu nikasema, Restuta kasema liamini. Nikamimina."

Restuta alimwomba ampeleke kwa mwenye ndama.

Mwenye ndama aliitwa mzee Matonya. Alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya zizi la josho, fimbo magotini, na karibu yake ng'ombe jike alikuwa akilia kwa vipindi, akinusa ardhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Binti huyu ananiambia namba ilisema hesabu ya dawa imeshanyooka. Nani aliiandika namba hiyo?"

"Hakuna aliyeiandika, mzee. Ilitokana na alama niliyoweka mimi. Niliiweka mapema, kabla kazi ya kurekebisha haijaingia."

Mzee Matonya alifikiri. "Basi aliyeandika ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe, mzee. Ofisi italipa ndama."

"Walipe," alisema. "Lakini yule," akamwonyesha jike kwa fimbo, "mtamwambia nini?" Hakungoja jibu. Akainuka taratibu kwenda kumfukuza jike atoke pale kwenye ardhi aliyokuwa akiinusa.

Josho lilikuwa bado limejaa dawa kali. Restuta alitoa kishikwambi, kilichokuwa sasa kinaonyesha 2.4.2, na pembeni ya namba herufi chache za kutambulisha msimbo wenyewe uliomo ndani; Ernest na Uwesu walikuwa wameziongeza usiku, na mashine ilikuwa imefundishwa kukataa lebo yoyote iliyokaa kwenye msimbo ambao haujapita majaribio. Alianza kumweleza Naima.

"Mimi sitaki kuona namba," Naima alisema. "Hapa mna lita ngapi za dawa?"

"Sita za zamani, kumi na mbili za jana. Kumi na nane."

"Na zilitakiwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hicho kinajua kwamba zimezidi?"

"Hakijui. Hakikuundwa kwa hilo."

Naima aliokota kipande cha mkaa, akampa. "Andika ukutani. Nione mwenyewe."

Restuta alichuchumaa na kuandika kwenye saruji, akisema kila hatua kwa sauti. Dawa imezidi kwa theluthi moja ya iliyomo. Tukitoa theluthi ya maji, lita elfu nne, na kurudisha elfu nne za kisima, zinabaki lita kumi na mbili za dawa kwenye ujazo uleule wa maji. Alisimamisha mkaa akarudia kutoka juu, mara ya pili, mara ya tatu, jasho likimtiririka. Naima naye alipiga yake kwenye karatasi, akimpa mgongo. Kisha wakalinganisha.

"Sawasawa," alisema Naima.

Waliteka mpaka alasiri, vijana wa kijiji na dereva wakisaidia, maji machafu yakimwagwa kwenye shimo la taka za josho na ya kisima yakiletwa kwa mkokoteni wa punda. Wenye ng'ombe walitazama kwa mbali. Hakuna aliyetaka wake awe wa kwanza. Mwishowe Bashiri, aliyekuwa amerudi kusaidia na aliyefuga ng'ombe wake kijijini hapo, alileta ndume wake mwenyewe, akamnywesha maji safi kwanza, akamsukuma.

Ndume alitumbukia, akazama mpaka pembe, akaogelea na kupanda ngazi ya upande wa pili. Akajikung'uta. Restuta aliangalia saa yake. Naima aliangalia mdomo wa ndume, kama kuna mate. Walikaa vile nusu saa, na ndume akaanza kung'ata majani makavu kando ya uzio.

"Mlete mwingine," Naima alisema.