Robo ya Kidonge

Hironimus, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji hapa Msamala, alikuwa na wembe aliouenzi kuliko kadi yake ya chama. Ulikuwa wa kukatia dawa. Miaka ile ya foleni, kidonge chekundu cha nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o, kilipopatikana kwa bahati, alikiweka juu ya kigae akakikata vipande vinne, kila mtu akaondoka na robo yake kwenda kuiyeyusha na kumchoma ng'ombe wake sindano. Hakuna aliyepunjwa. Mnaocheka leo hamkupanga foleni ya sabuni.

Kisha biashara ikafunguliwa. Duka la dawa za mifugo likaja karibu na stendi, vidonge vimejaa kopo zima, hela yako tu. Sisi tukaendelea kukata. Nani amchome ng'ombe wake kidonge kizima huku wa jirani ananyong'onyea?

Mwalimu Ramson, kijana aliyeletwa kufundisha baiolojia sekondari na aliyepanga chumba kwangu, alipouona ule wembe nusura alie. Siku hiyohiyo aliniomba kamba ya kumfungia Ruksa, ng'ombe wangu. Ilikuwa ya katani, imesokotwa vizuri. Akaziunganisha ncha zake kwa sindano ya magunia mpaka ikawa duara.

"Mama, ndani ya kijidudu cha nagana kuna vijiduara kama hiki, vimesokotwa, vidogo ajabu. Ndiyo DNA yake. Bila hiyo hakizai."

Akavunja njiti za kiberiti, akaanza kuzichomeka katikati ya nyuzi za kamba. "Hii ndiyo dawa. Ni bapa, inajipenyeza ndani ya msokoto. Angalia."

Kila njiti ilipoingia, nyuzi ziliachana na msokoto ukalegea. Kamba ile haikuwa na ncha huru ya kujizungushia, kwa hiyo ilijikunja yenyewe juu ya mkeka kama utumbo wa mbuzi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Sasa kijidudu kinataka kunakili kamba hii. Kitaanzia wapi? Kinakufa." Halafu akazichomoa njiti, akaacha moja tu, na kamba ikalala karibu kama mwanzo. "Na hii ndiyo robo yenu. Kimeumwa tu. Kinachopona kinazaa vingine vinavyojua kuitema dawa. Mkiendelea hivi, siku moja hata kidonge kizima hakitafaa kitu."

Alirudia maneno hayo kikao baada ya kikao. Tulimpigia makofi, maana tuna adabu, kisha Hironimus akatoa wembe.

Huyo Ruksa alitoka kwenye mradi wa parokia. Masharti yalikuwa kwamba ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzako anayefuata, na aliyefuata ni wifi yangu Imaculata, mjane wa kaka yangu. Banda alishajenga. Kila asubuhi alimkatia Ruksa majani kwa mikono yake, na mimba ilipoonekana akawa anaongea nayo. Kumpata jike au dume ni kazi ya Mungu, lakini yeye alishaamua ni jike.

Kiangazi tuliwapeleka ng'ombe bondeni kunywa maji, na mbung'o wako huko. Ruksa akarudi akaanza kutoa machozi, manyoya yakamsimama, majani akayanusa na kuyaacha. Ramson akanunua kidonge kizima kwa mshahara wake, akakiyeyusha kwenye maji ya moto, akamchoma. Homa ikashuka, nikamshukuru Mungu. Baada ya siku chache ikarudi. Akamchoma kizima kingine, homa haikutikisika. Bwana mifugo alimwambia bonde lote lilikuwa hivyo, dawa ile haishiki tena, na kwamba dawa ya aina nyingine iliagizwa Dar lakini haijafika.

Nilimwona Ramson amekaa kizingitini mwa banda, mikono imelegea, na nikamchukia. Mtu asiyejua anaweza hata kusali vizuri. Huyu alijua kila kitu, mpaka umbo la kamba ndani ya mdudu, na ng'ombe wangu alikuwa anakauka mbele yake.

Asubuhi moja Imaculata alikuja bila majani. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa kipande cha gazeti, na ndani yake kulikuwa na robo ya kidonge.

"Niliiweka kwa ajili ya ndama wangu, siku akija kuumwa," alisema. "Mpeni mama yake kwanza, wifi."

Ramson akanitazama. Nikangoja aseme, maana kusema ndiyo kazi yake. Akaipokea ile robo.

"Niletee maji ya moto, mama," akaniambia.

Maji yakabadilika kidogo tu, rangi ya chai iliyokosa majani. Nikashika pembe, yeye akachoma. Imaculata aliweka kiganja ubavuni mwa Ruksa, akatabasamu. "Amecheza," alisema.

Ruksa alikufa kabla ya jua kufika utosini. Ndama alikuwa bado mchanga mno kutolewa. Mama yake aliponyamaza, yeye alicheza bado, na Imaculata hakuondoa kiganja chake mpaka naye alipotulia.

"Asante, mwalimu," alisema akiinuka. "Angalau hatukumnyima."

"Ndiyo, mama," Ramson akajibu.

Alikuwa anaisuuza sindano ya kikundi Hironimus alipobisha hodi. Alitupa pole, akavua kofia, akamtazama Ruksa kwa huzuni ya kweli. Ng'ombe wake naye ameanza kutoa machozi, alisema, na wa majirani zake vilevile, ndiyo maana amekuja kuazima sindano. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. Dawa alishaikata.

Mwalimu akampa sindano.