Anayecheka Kwanza

Ukumbini kwetu mimi ndiye ninayecheka kwanza. Sijisifu, nasema mambo yalivyo. Kila Jumamosi alasiri wachekeshaji hupanda jukwaani pale juu ya duka la rangi, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na kipaza sauti kilichozungushiwa utepe shingoni, na kiti cha mbele karibu na spika ni changu. Mgeni akikikalia, mtu humgusa bega akamwambia, "Hapo ni pa Dada Meno."

Jina hilo nimelipata kwa kazi yangu. Natengeneza meno ya bandia. Daktari huniletea alama ya ufizi wa mgonjwa, nami namimina plasta, napanga meno kwenye nta moja moja, nayapika, kisha nayasugua mpaka ulimi ukose pa kukwaruzwa. Kwa hiyo nikienda kwenye vichekesho sitazami jukwaa tu, natazama na vinywa. Kicheko cha adabu huishia kwenye chonge. Kicheko cha kweli hufika kwenye magego, na mwenye nacho hajali nani anamchungulia. Changu hufika kwenye magego bila kubisha hodi, na ukumbi mzima hukifuata kama mabehewa yanavyofuata kichwa cha treni.

Mchekeshaji nimpendaye kuliko wote ni Nyundo. Siku za kazi anasoma mita za maji mtaa kwa mtaa. Jumamosi anatusimulia waliomkimbia. Anagonga taratibu, unadhani hajaanza, kumbe msumari umeshazama. Wiki moja alikuja karakana kwetu katikati ya kazi, sare imemlowa jasho, akasimama kando ya meza yangu.

"Dada Meno, nimeitwa ukumbi mkubwa. Jumamosi ya wiki ijayo. Nikiwafaa, wananichukua mwaka mzima."

"Nilijua tu watakuita. Nivae nini?"

"Ndicho kilichonileta. Jumamosi hii najaribu kila kitu pale kwetu, mara ya mwisho. Naomba usije."

Nikaweka tupa chini. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila wewe unanicheka hata nikikohoa. Wenzako wakikusikia, nao wanacheka. Kule hawakujui. Nitajuaje kama huwa wananicheka mimi au wanakuchekea wewe?"

Bosi wangu alikuwa anafungua jiko la kupikia meno. "Kijana ana hoja," akasema.

"Bosi, angalia jiko lako." Nikamgeukia Nyundo. "Nimekaa kiti kile siku mvua inapiga bati husikiki, na siku umesahau maneno ukatuimbia wimbo wa shule. Hii siikosi. Nitakuja, nitakaa nyuma, na sitacheka."

"Wewe?"

"Mimi."

Bosi alicheka mpaka akaitua sinia aliyoishika. "Huyu? Huyu alicheka kwenye mkutano wa wazazi, na hana mtoto."

Nyundo hakucheka. Alikuwa na hofu, nami niliiona. "Ukicheka hata mara moja," akasema, "nitapanda kule sijui nimebeba nini."

Jumamosi nikakaa kiti cha mwisho karibu na ngazi, nimekunja kitambaa nikakiuma. Nyundo akapanda. Macho yake yalikwenda kwenye kiti changu cha mbele, yakakuta mwanamume mwenye mwavuli, yakarudi.

"Mimi nasoma mita za maji," akaanza. "Nikibisha hodi, nyumba nzima inahamia chumba cha nyuma. Naachiwa mtoto. Mtoto ananiambia, 'Mama amesema hayupo.' Namuuliza, 'Atarudi lini?' Akaingia ndani kuuliza."

Magego hayo, safu nzima.

"Akarudi, akaniambia, 'Anasema bado hajaamua.'"

Mama mmoja akajipiga paja. Mimi nilijikaza kisabuni, nikauma kitambaa mpaka nikasikia ladha ya sabuni iliyokifua. Nilikuwa na furaha. Kichekesho kilikuwa kimesimama kwa miguu yake, bila mimi.

Ndipo akafika kwenye kichekesho anachofungia kila mara, kile ninachokipenda kuliko vyote.

"Halafu siku moja nikaenda kuposa," akasema, akanyamaza.

Hapo ndipo huwa nacheka, maana najua kinachokuja. Alitoka kazini moja kwa moja, na sare na kofia yake. Wakwe wakachungulia dirishani, wakazima redio, wakafunga komeo, na yeye ikabidi apose kupitia tundu la ufunguo. Kwa kuwa nalijua tundu la ufunguo, neno "kuposa" tu hunivunja mbavu, wenzangu hunifuata, na Nyundo hukunja mikono akatusubiri.

Siku ile alikunja mikono akasubiri. Mtu akakohoa. Mwenye mwavuli akahamisha mwavuli. Nyundo bado anasubiri.

"Nikiwa na sare," akasema mwishowe. "Asanteni."

Walimpigia makofi. Meno niliyaona: chonge, chonge, chonge. Kijana wa mbele yangu akamwinamia mwenzake. "Sasa sare imefanya nini?"

Nikakitoa kitambaa mdomoni. Swali lilikuwa la haki. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kulisikia tundu la ufunguo, sikukumbuka. Lilikuwa limeondoka zamani, na mimi niliyekaa mbele kuliko wote sikuliona likiondoka.

Nilimkuta Nyundo amekaa kwenye ngazi, kofia magotini.

"Umeona?" akasema. "Bila wewe sina kitu. Nawapigia simu wamtafute mwingine."

"Wakwe waliozima redio wako wapi?"

"Wakwe gani?"

"Komeo liko wapi? Tundu la ufunguo liko wapi?"

"Si watu wanajua?"

"Nani anajua? Najua mimi. Nimeizoea nyumba yako mpaka nacheka nikiwa mlangoni, nawe ukaacha kutukaribisha ndani."

"Mgema akisifiwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Tembo hulitia maji. Na msifu ni mimi, wala sikatai. Lakini sikiliza, kaka. Nikitengeneza meno kwa ufizi wa mtu mmoja, hayatakaa kinywani mwa mwingine hata yang'ae vipi. Hayo si meno mabaya. Yamepimwa kwa mtu mmoja. Hii yako umeipima kwangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunapima upya. Mimi ni mgeni, sikujui. Ulikwenda kuposa, enhe? Mbona hukubadilisha nguo?"

"Nilichelewa zamu."

"Anza hapo. Na usinisubiri popote. Ukiona natabasamu, pita."

Tulikaa pale ngazini mpaka muuza rangi akaanza kushusha milango yake. Nyundo alisimulia, nikamkatiza, akasimulia tena. Kila aliponyamaza kusubiri kicheko nilimwambia, "Tembea." Alipoinuka hakusema habari ya simu.

Ukumbi mkubwa una viti vya kitambaa vyekundu na watu wanaosalimiana kwa minong'ono. Nilikaa katikati, kulia kwangu mama mmoja mwenye pochi kubwa. Nyundo akapanda, hakunitafuta. Akawapa mtoto wa mlangoni, wakacheka. Akawapa kuposa, na hakusimama. Alikwenda nao zamu, sare, kofia, dirisha. Redio ilipozimwa kulikuwa na mtu nyuma huko aliyepiga ukelele wa kicheko, sauti nisiyoijua kabisa, na ukumbi ukamfuata huyo.

Nilitulia kuwasikiliza. Sikuwahi kukisikia kicheko cha watu wengine tangu mwanzo wake, kwa kuwa siku zote changu huwa kimetangulia. Mama wa pochi akanigusa kiwiko.

"Binti, mbona umenuna? Huyu kijana anachekesha."

"Nasikiliza, mama."

"Basi nikainama kwenye tundu la ufunguo," Nyundo akasema, "nikaita kwa adabu, 'Baba, nimekuja kumchukua binti yenu.' Kimya. Halafu sauti ya mkwe, taratibu. 'Mchukue, mwanangu. Ila maji usikate.'"

Hilo sikuwa nalijua. Hakuwahi kulisema, hata kule ngazini. Lilinikuta mikono mitupu, bila kitambaa, na kilichonitoka kilimfanya mama wa pochi aishike pochi yake kwa mikono miwili. Mlangoni msimamizi wa ukumbi alikuwa amekunja ratiba ya wachekeshaji waliobaki, anajifutia nayo macho. Nyundo aliposhuka, msimamizi alimshika mkono, hakuuachia mpaka wamekubaliana mwaka mzima, kuanzia mwezi ujao.

"Taratibu, binti," mama wa pochi akaninong'oneza, naye machozi yanamtoka. "Ndiyo mara yako ya kwanza kuja kwenye vichekesho?"

"Kwenye ukumbi huu, ndiyo," nikamwambia, nikajiegemeza vizuri kitini kumsubiri anayefuata.