Hoja ya Theluthi ya Juu

Lindsay, mume wangu, aliipiga picha ile nyumba ya mawe kwa miaka thelathini, kila mara jua likishazama, na hakuna hata moja iliyotoka safi. Zote zina ukungu, utadhani nyumba ilipigwa ikikimbia. Alifariki mwezi wa tatu. Mwezi wa tisa mwenye shamba mpya akanipigia simu, kwa adabu, kuniambia kwamba Jumatatu trekta litakuja kuiangusha. Ndimo tulimoanzia maisha, ukingoni mwa ziwa la chumvi, kabla hatujahamia mjini. Nilitaka picha moja tu, ya mlango na dirisha, ionekane wazi, kwa mwanga uleule alioupenda. Jumapili ilitabiriwa mvua. Kwa hiyo ilibaki Jumamosi.

Kosa langu ni kwamba nililisema hilo kwenye klabu ya kamera.

"Avis, hatuwezi kukuacha peke yako," alisema Kelvin Pascoe, mwenyekiti wetu. Kelvin hajawahi kumwacha mtu peke yake. Saa kumi na moja jioni magari manne yalikuwa yameegeshwa kando ya ziwa, na kutoka kwenye buti la gari la Kelvin likashushwa gogo la klabu.

Waamuzi wa mashindano hupenda picha iwe na kitu cha karibu cha kulivuta jicho, na ziwa letu ni tambarare kama meza. Basi klabu ilitafuta gogo moja zuri lililopauka, na wanachama huliazima kwa zamu, kwa kutia saini. Ukiangalia picha zetu za mwaka jana, utadhani gogo hilo linazunguka wilaya nzima likitafuta ndugu zake.

Jua lilipozama nikaisimamisha stendi ya kamera ya Lindsay pale alipozoea kusimama. Kutoka pale tu ndipo anga huonekana ndani ya dirisha.

"Hapo sipo," alisema Kelvin. "Upeo wa macho unaikata picha katikati. Uweke theluthi ya juu, huku chini tulaze gogo."

"Sitaki gogo, Kelvin."

"Dada yangu, hakuna anayelitaka. Picha ndiyo inayolitaka."

"Theluthi ya chini," alidakia Garth, daktari wa meno mstaafu. "Leo anga ndiyo yenye maneno."

"Anga yako ilipata alama sita mwezi uliopita."

"Na gogo lako saba! Gogo, siyo wewe!"

Kelvin akajinyoosha. "Natoa hoja."

Watu wa kwetu wakisikia neno hilo huacha kila kitu, hata kama nyumba inaungua. Noeleen, katibu, akatoa daftari la kumbukumbu na kuwasha tochi yake ya kichwani. Mwanga ule wa zambarau hukaa robo saa, haizidi, na hoja ilikuwa tayari na marekebisho mawili.

Nikabonyeza. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena, kama mtu anayepapasa miwani yake. Kwa mwanga hafifu vile, kamera haikuona kitu cha kushika ili picha itoke safi. Hapo nikaelewa Lindsay alikuwa akifanya nini miaka yote ile. Alichoka kungoja, akapiga hivyohivyo. Hakuwa mtu wa kubishana, hata na mashine.

Noeleen akageuka, tochi yake ikanipiga machoni.

"Noeleen, shoga," nikamwambia, "upepo huu utakuchania karatasi. Si ukakae pale kizingitini uandike?"

"Hee! Na nitawasikiaje?"

"Kelvin unamsikia hata ukiwa mjini Adelaide."

Akaenda, akaketi. Ikawepo nukta ya mwanga mlangoni, na lenzi ikaikamata papo hapo. Nikageuza swichi ya pembeni ili isianze tena kutafuta.

"Zima tochi, usitikisike!"

"Sijamaliza marekebisho ya pili!"

"Noeleen. Tafadhali."

Sijui sauti yangu ilikuwaje. Tochi ilizimika. Nikabonyeza, nikahesabu sekunde nane bila kupumua. Nyuma yangu walikuwa wakipiga kura: Kelvin upande mmoja, Garth upande wa pili, kisha Kelvin akapiga tena kwa kofia ya mwenyekiti, kuvunja sare.

"Imepita!" akasema. "Avis, sogeza stendi hatua nne kushoto." Akatazama juu. "Mwanga uko wapi?"

"Umekwenda."

Nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Mlango, mawe, anga dirishani. Ilikuwapo hata chokaa ambayo Lindsay aliipaka vibaya mwaka tuliooana, na alama za vidole vyake zimebaki ndani yake. Nilikuwa nimezisahau. Kizingitini alikaa Noeleen, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona.

Kelvin akachungulia. "Haina kitu cha karibu. Upeo uko katikati. Na kuna katibu."

"Katibu anafutika," alisema Garth. "Kwenye kompyuta ni dakika mbili."

"Mwacheni," nikasema. "Amekaa pale nilipokuwa nikikaa kumngoja Lindsay."

Garth akavua kofia. Kelvin akaanza kunikunjia stendi.

Trekta lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Sikwenda kuangalia.