Ukuta Unaotembea

Nyumba ya Rogasian pale Kaisho ilijengwa na baba yake mwaka 1971, kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope. Ufa ulipotokea kwenye kona ya chumba cha wageni, Rogasian aliuziba kwa saruji. Mwaka uliofuata ukarudi, akauziba tena.

"Nyumba ikizeeka haikosi mikunjo," alisema.

Mkewe, Dafroza, hakuridhika. Ufa ule ulipanda kama ngazi, na juu ulikuwa mpana kuliko chini. Mlango ulikuwa umeanza kukwaruza sakafu, na pasheni likianguka lilibingirika lenyewe hadi kona ileile. Akapika uji mzito wa muhogo, akabandika nao vipande vitatu vya karatasi juu ya ufa, na cha nne kwenye ukuta mzima usio na ufa. Wiki ya pili ya mvua za Machi, vile vitatu vilikuwa vimechanika katikati.

"Baba Ainebyona, njoo uone. Ukuta unatembea."

"Karatasi imekauka tu."

"Na hii ya ukuta mzima mbona haijachanika?"

Kuambiwa ukuta wa baba yake unatembea kulimuuma Rogasian kama kusikia marehemu akisemwa vibaya. Lakini kesho yake alimpigia simu mwenyewe Prudensia, fundi mwashi wa Kamuli.

Prudensia alifika, akaamkia, akachimba shimo dogo pale kwenye kona. Mawe yalitoka kwa mkono kama viazi. Tope lililoyashika lilikuwa limeyeyuka.

"Mzee, aliyejenga hakukosea," alisema. "Kazi yake imesimama miaka hamsini. Ila maji ya bati yanadondokea hapa, na msingi wa tope haustahimili maji."

"Kwa hiyo tubomoe?"

"Hapana. Tunabadilisha msingi, kipande kwa kipande."

Walianza Juni, ardhi ilipokauka. Waliegemeza ukuta kwa magogo ya mikaratusi, wakachimba hatua moja, wakajenga kwa mawe na saruji, wakaacha ishike ndipo wakahamia kwingine. Walipofika kwenye kona yenyewe, ukuta ulilia. Kila mtu akasimama. Prudensia alining'iniza timazi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Haujasogea. Ongezeni gogo."

Rogasian alilibeba mwenyewe, akaliegemeza kwa bega mpaka likakaa sawasawa.

Novemba mvua ilipiga siku tatu mfululizo, migomba ikalala. Ilipokatika, Rogasian aliizunguka nyumba nzima polepole. Hakuona ufa hata wa unywele. Akaweka kiganja ukutani, akacheka peke yake.

Jirani yake Melkiory, ambaye nyumba yake ni ya umri uleule, alikuja kumuuliza alijuaje kuwa ukuta unatembea.

"Mimi nilikuwa naziba tu," Rogasian alisema. "Aliyeujua ugonjwa ni mama Ainebyona. Mwombe yeye aje kwako."

Dafroza alivaa buti zake, akatangulia, na wale wanaume wawili wakamfuata nyuma wakikwepa madimbwi.