Bendera Tuliyomzika Nayo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudi kwenye ule uwanja wa mviringo nje ya Nakuru, alikofia kaka yangu Nandwa akiendesha Datsun, mimi nikiwa fundi wake. Mbio zilikuwa zinaendelea. Sikushangaa. Zilikuwa hazijaisha.

Siku ile gari lilipobiringika, mshika bendera alikimbilia uwanjani na ile bendera ya mwisho mkononi, ya miraba myeusi na myeupe. Shuka halikuwepo, tukamfunika Nandwa kwa hiyo. Mama akakataa itolewe. Tukamzika nayo. Na sheria ya mbio haina mjadala: bendera ya miraba isipopeperushwa, hakuna aliyemaliza.

Basi Nandwa bado anazunguka. Uwanja umesinyaa kwa kuzungukwa, sasa unaenea jikoni kwa mama, kati ya kabati na mtungi. Mshika bendera amekaa juu ya kabati, anapunga ile ya njano, ya kuonya hatari, maana ndiyo pekee aliyobaki nayo.

"Fundi, kaa chonjo," ananiambia. "Chini ya njano hakuna kupitana."

Ni kweli. Nzi wamepanga foleni hewani. Maziwa yanachemka lakini hayapiti ukingo wa sufuria. Mimi nina miaka hamsini na tatu, Nandwa ishirini na sita, na bado yeye ndiye kaka mkubwa.

Datsun inapita ikikohoa.

"Usiniguse boneti," inasema. "Nina homa tangu mwaka ule."

"Simama nikutie maji."

"Nikisimama nitatolewa mashindanoni. Ulikuwa fundi gani wewe?"

Nandwa anachungulia dirishani. Bendera imemfunika magoti kama blanketi la mgonjwa.

"Kijana, umenenepa."

"Nimezeeka."

"Huwezi. Mimi niko mbele yako."

Anazunguka kabati, anarudi.

"Umechoka, kaka?"

"Mkono wa kushoto siusikii tena. Kona zote ni za upande huo."

"Basi nipe hiyo bendera."

"Ukiipeperusha utanipita. Utakuwa mkubwa wangu. Nani atakutuma dukani?"

Nikamwacha azunguke tena. Kusema kweli nilitaka aendelee. Mtu anayezunguka angalau anarudi.

Lakini alipopita tena, shingo yake ilikuwa imelalia upande wa kona, haikunyooka tena. Nikaingiza mkono dirishani, nikaivuta ile bendera. Ilikuwa nzito kama gunia la mchanga. Nikapanda kwenye kiti cha mama, nikaipeperusha.

Maziwa yakamwagika. Nzi wakatawanyika. Nandwa akapiga honi mara moja, akanyoosha usukani, akatokea mlango wa nyuma. Hakugeuka. Nikabaki juu ya kiti, nimekuwa kifungua mimba.

Nikaamka, nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa ananipa mgongo, anachambua mchele. Masikio yake yalikufa muda mfupi baada ya yale mazishi; ukitaka kusema naye lazima kwanza umguse bega. Nikanyoosha mkono.

"Usinishtue," akasema bila kugeuka. "Nimekusikia ukija. Ile injini imezimwa leo alfajiri."