Ndoo za Vidole Gumba

Mwanaharakati alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, akichagua wimbo wa asubuhi. Chai ilikuwa mezani tangu zamani na mkewe alishaifunika kwa kisosi. Kazi ya kuchagua haikuwa ndogo. Wimbo wenye furaha kupita kiasi ungewafanya wafuasi wake wadhani hajui yanayotokea duniani. Wenye huzuni kupita kiasi ungewafanya wamuulize kama yuko salama, na kujibu watu nako ni kazi. Hatimaye aliupata mmoja wa zamani, wenye tarumbeta na maneno yasiyosikika vizuri, akaandika chini yake, "Kwa wale wanaojua," akautuma. Kisha akavaa soksi ya pili.

Jina la Mwanaharakati alipewa na wenzake wa kazini kwa utani, naye akalipokea kwa moyo mkunjufu. Alikuwa na ratiba. Asubuhi wimbo, mchana jambo la kutetea, na baada ya chakula cha jioni maoni ya siasa. Alikuwa ametetea kasa, ametetea barafu ya milimani, ametetea walimu wa nchi ambayo hata angepewa ramani angeitafuta hadi kesho. Kila jambo lilikuja na rangi zake za kuzungushia picha yake, na siku moja rangi zilizidi hadi uso wote ukabaki pua. Sisi wafuasi wake tulimpenda hivyo hivyo. Tulimbonyezea kidole gumba kabla hatujamaliza kusoma, wengine wetu kabla hatujaanza, tukaenda zetu kula tukiwa na utulivu wa mtu aliyetoka kutoa sadaka.

Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, nyuma ya duka la rangi. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa na kumtangulia pale kazini, ndiye aliyemwombea nafasi. Dada alikuwa mkata karatasi. Mashine yake ilikuwa na kisu kipana kinachoshuka mara moja, na ili kishuke ilikuwa lazima mkataji abonyeze vitufe viwili kwa pamoja, kimoja huku na kingine kule. Aliyeibuni alikuwa na akili zake: mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono uliobaki wa kukatwa.

Msimu wa uchaguzi kiwanda kilichapa mabango ya vyama vyote, maana wino hauna chama. Meneja akaona kazi inakwenda mwendo wa kinyonga. Akaagiza kitufe cha kulia kibanwe kibaki chini, kisihitaji kubonyezwa tena, ili mkono wa kulia uwe huru kunyoosha karatasi, akasema viwanda vyote vinafanya hivyo. Dada alipouliza kama ni salama, aliambiwa wenye woga wakashone vitambaa. Meneja akamwomba Mwanaharakati, kwa kuwa ni mtu wa mikono nadhifu, akunje kipande cha kadi kitoshee pale. Mwanaharakati akakikunja, akakipachika, kikakaa sawasawa. Ilikuwa mchana, na jambo lake la siku hiyo lilikuwa usalama wa wachimba madini wa ng'ambo. Lilipokelewa vizuri sana.

Wiki ile ile kisu kikaondoka na kidole gumba cha mkono wa kulia wa dada. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mashine izimwe. Hospitalini waliambiwa kwamba kidole kingeweza kurudishwa kama kingeletwa mapema, lakini kilikuwa kimeshakwenda na vipande vya karatasi kwenye lori la taka, katikati ya mabango ya mgombea aliyeahidi ajira. Na waliporudi kiwandani, ile kadi haikuwepo tena kwenye kitufe.

Mwanaharakati alilia kweli. Hilo lisemwe, maana si mtu mbaya, na dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa kazini. Alilia, akapangusa simu, akaweka picha ya mkono uliofungwa bandeji, akaanza kutafuta wimbo wa kuendana nayo. Kutafuta kulichukua muda mrefu kuliko kulia. Akaandika kuhusu jasho la wanyonge, kuhusu mabepari, kuhusu dunia. Kiwanda hakukitaja. Meneja naye alikuwa mfuasi wake.

Vidole vilianza kufika alfajiri. Vya kwanza vilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, vimepangana kama chupa za maziwa zilizoletwa mlangoni, na jua lilipochomoza vilikuwa vimeshaingia kwenye sinki na ndani ya viatu. Vilikuwa vidole gumba vya mkono wa kulia, safi, vyenye joto, na pale vilipoishia palikuwa laini kama kipande cha sabuni. Damu haikuwepo. Vyote vilisimama wima.

Mkewe alikuwa anafagia. Alimuuliza kama anavitaka kwenye ndoo au kwenye beseni, akamkumbusha kwamba beseni ni la kufulia.

"Ndoo," alisema Mwanaharakati, akaanza kuvihesabu, kisha akaacha kwa raha, maana vilikuwa vingi mno.

Vilikuwa vya kila aina. Vingine vilipakwa rangi ya kucha, vingine vilikuwa na sugu za jembe, na kimoja kilinukia marashi ya meneja. Jirani wa chini alipanda ngazi na mfuko wa plastiki, akaeleza kwamba hivi vimeangukia upande wake na yeye hana akaunti, kwa hiyo lazima ni vya hapa. Aliomba pia waangalie bomba la maji ya mvua lisije likaziba. Mwanaharakati alimshukuru, akamuuliza kama ameusikia ule wimbo. Jirani alisema alikuwa na haraka.

Dada alikuja Jumapili mchana, mkono wake ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Wifi yake alimwandalia kiti na kuisogeza ndoo apate pa kuweka miguu. Dada aliongea bila kuzunguka. Mkaguzi wa kazi atakuja kiwandani Jumanne. Meneja ameshasema kwamba mkataji alikibana kitufe mwenyewe kwa uvivu, na ikiandikwa hivyo atafukuzwa, na mkata karatasi aliyefukuzwa kwa uvivu hakuna kiwanda kitakachompokea, awe na vidole vinne au ishirini. Nyumbani ana watoto watatu na hana mwingine wa kumtegemea. Mbali na yeye, aliyeisikia amri ya meneja kwa masikio yake ni mtu mmoja tu.

"Dada, usiwe na wasiwasi," Mwanaharakati alisema. "Watu wengi wako nyuma yetu."

"Hao wa nyuma nimewaona, wamejaa ndoo," dada alisema. "Mimi, mdogo wangu, namtaka mmoja wa kukaa mbele."

Mwanaharakati alimwahidi kwamba atakuwepo. Alikuwa anamaanisha, na ili kuonyesha anamaanisha alitaka kupiga picha ya wote wawili, lakini dada alikataa. Badala yake dada aliinamia ndoo akaanza kuvigeuzageuza vidole kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayechagua nyanya. Vingine vilikuwa vinene mno, vingine vilikuwa vya watu ambao hawajawahi kushika kitu. Alikipata kimoja cha ukubwa wake, chenye doa la wino wa kupigia kura kwenye ukucha. Akaifungua bandeji, akakiweka mahali pake, na kabla chai haijaisha kilikuwa kimeshika. Wifi yake alisema rangi inafanana kabisa.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakikuweza kukunjika. Dada alijaribu kushika kikombe, kidole kikabaki kimesimama na kikombe kikamponyoka. Alijaribu kifungo, alijaribu sindano, alijaribu kubana karatasi, ambayo ndiyo kazi iliyomlisha miaka yote. Kidole hakikushika chochote. Wifi yake aliposema chai ina sukari kidogo, kilisimama zaidi. Mwanaharakati aliposema labda mvua itanyesha, kilisimama zaidi pia.

"Kinakubali kila kitu," dada alisema, akakitazama. "Basi, ni chenu kweli."

Jumanne mkaguzi alifika akiwa amechelewa, akaombwa radhi na meneja kwa joto la ofisi. Walikaa wanne: mkaguzi, meneja, dada na Mwanaharakati. Nje ya kioo mashine zilikuwa zinanguruma kama kawaida, na mtu mwingine alikuwa ameshawekwa kwenye kisu ili kazi isilale. Meneja alieleza upande wake kwa huzuni. Alisema huyu mama ni kama dada yake, na kwamba alimwonya mara nyingi kuhusu kubana vitufe.

Dada alieleza upande wake kwa maneno machache, kisha akasema mdogo wake alikuwepo, aulizwe.

Mkaguzi akamgeukia Mwanaharakati, akamuuliza ni nani aliyeagiza kitufe kibanwe. Meneja hakumtisha. Alimtazama tu kwa upole, akachukua simu yake mezani akaifuta kioo kwa tai. Mwanaharakati aliwaza kodi ya nyumba, akawaza mkewe, akawaza pia, na hili lilimwaibisha hata yeye mwenyewe, kwamba maneno mazuri kama aliyokuwa nayo kifuani yangepotea bure mbele ya watu watatu.

"Nilikuwa na spika za masikioni," alisema. "Nilikuwa nasikiliza muziki. Sikusikia kitu."

Mkaguzi alimuuliza muziki gani. Mwanaharakati akamtajia. Mkaguzi akasema huo hata yeye anaupenda, hasa tarumbeta zake.

Dada alimtazama mdogo wake mara moja, kisha akatazama kioo, kule kwenye mashine. Meneja akatumia nafasi hiyo kupendekeza, kwa ajili ya amani, kwamba ikubalike kuwa mkataji alikosea mwenyewe na kwamba anaacha kazi kwa hiari, bila ugomvi. Wote wakamtazama dada. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, na kidole kilikuwa kimesimama.

"Mimi sijakubali," dada alisema.

"Lakini kidole kimekubali, mama," mkaguzi alisema, bila ukali. Aliwaeleza kwamba katika shughuli zake kidole gumba ni sawa na sahihi, kwa sababu si kila mtu anajua kuandika, na kama mtu anacho na amekitoa, yeye hana ruhusa ya kuuliza kimetoka wapi. Kiwanda cha uchapaji hakikosi wino. Dada aliuvuta mkono wake, lakini kidole kilikuwa kimeshaegemea mbele na kuacha alama yake kwenye karatasi. Mambo yakaisha kabla ya chakula cha mchana.

Walitoka pamoja hadi barabarani. Mwanaharakati alitembea nyuma kidogo. Alitaka kusema kitu, na kila alichokipata kilikuwa kizuri mno, kimeshapigwa msasa, tayari kwa watu. Dada alisimama kwenye kona ya duka la rangi, akamwambia arudi kazini asije naye akafukuzwa. Alisema hivyo kama dada, kwa kumhurumia, na hapo ndipo palipouma.

Jioni, baada ya kula, Mwanaharakati aliandika kuhusu watu wanaonyamaza mbele ya dhuluma. Aliandika vizuri kuliko siku zote, maana safari hii alikuwa anajua anachokisema. Aliwaita waoga. Aliwaita wasaliti wa damu yao. Akaweka chini yake wimbo wa sauti moja na gitaa, na machozi yakamtoka aliposoma tena. Sisi tulioyasoma tulisema hakuna mtu jasiri kama huyu, tukambonyezea, na meneja akabonyeza kati ya wa mwanzo.

Dada alikuwa kwake, watoto wameshalala, simu iko mezani. Ilipowaka alisoma maneno ya mdogo wake mpaka mwisho. Hakutaka kubonyeza chochote. Lakini kidole, ambacho hakijawahi kukunjika kwa kikombe wala kwa sindano, kilikunjika sasa taratibu, kikagusa kioo, kikarudi kusimama. Dada akaizima simu, akazima taa.

Asubuhi, kwa Mwanaharakati, vidole vilikuja vingi kuliko wakati wowote. Mkewe alilazimika kuufungua mlango wa nyuma ili apate pa kuvisukumia. Mwanaharakati alikuwa anapita kuelekea bafuni alipokiona kimoja kwenye kizingiti cha dirisha, pembeni ya vingine, kikiwa na doa la wino kwenye ukucha. Alikiokota. Kilikuwa bado na joto.

Alikipangusa kwa shati. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia zaidi ya mkewe, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, dada."

Kidole kilisimama, kama ambavyo kingesimama kwa neno lolote. Mkewe akamwomba asogee kidogo, apitishe fagio.